Deni la kodi ya jimbo Marekani: kisanduku namba 17 ndicho kilichonitoa

Barua ya jimbo ilidai kodi ya mapato ya miaka ya nyuma, na faini na riba vilishazidi kodi yenyewe. Nilipiga simu, haikusaidia. Niliandika kuomba riba ifutwe, nikakataliwa: riba imewekwa kisheria, haifutwi kirahisi.

Kumbe tatizo lilikuwa kodi ya msingi. Ritani (fomu za kutangaza mapato na kodi ya mwaka) hazikuwahi kuwasilishwa, hivyo jimbo lilikadiria kodi kwa kuangalia mapato tu, bila kuhesabu makato ya mshahara. Nikajaza ritani halisi kwa fomu za mwaka husika, nikaambatisha W-2, fomu ya mwajiri inayoonyesha mshahara wa mwaka na kodi iliyokatwa. Kisanduku chake namba 17 ndicho chenye kodi ya jimbo iliyokatwa. Taarifa ya mapato ya IRS (mamlaka ya kodi ya shirikisho) haitoshi hapa, maana huonyesha makato ya shirikisho, si ya jimbo. Omba W-2 kwa mwajiri wa zamani.

Msingi uliposhuka, faini na riba vikakokotolewa upya. Faini iliyobaki niliiombea msamaha kwa maandishi, pamoja na vyeti vya hospitali vyenye tarehe zinazoangukia siku ya mwisho ya kuwasilisha ritani. Bila kulingana huko, vyeti havina uzito. Tuma kwa rejista kabla siku za kupinga zilizoandikwa kwenye barua yao hazijaisha, na utunze risiti.