Nilivyokitengeneza ndani kijumba cha bibi Makunduchi

Asalam aleikum. Mie nakaa mjini lakini bibi yetu alituachia kijumba Makunduchi, kusini Unguja, vyumba viwili na ua nyuma, na kila ikifika Mwaka Kogwa, sherehe ya mwaka mpya ya kule, mwezi wa saba sote tunataka kwenda kulala kule ila hakulaliki, ndani kunanuka unyevu, ukuta umevimba, asubuhi shuka imejaa vumbi la chokaa. Nkasema basi nakitengeneza ndani, nje ntangojea.

Kosa langu la mwanzo nlichukua fundi mjini akapiga lipu ya saruji kuta zote, hata vidaka vya bibi, vile vishimo vya ukutani vya kuwekea vitu, akaviziba kwa mawe akasema vimepitwa na wakati, na mie nkakubali. Ukuta ukawa laini, nkapiga picha nkawatumia dada zangu. Ilipoingia masika haukupita mwezi ukaanza kutoa chumvi nyeupe kama unga wa muhogo, halafu lipu ikabanduka vipande, kimoja kikaanguka kitandani. Nlilia wallahi, pesa yangu yote ya mchezo, yaani upatu, ilikwenda pale.

Kuna mzee jirani alikuwa fundi zamani, akaja akachokoa ukuta kwa kisu akaniita, "Njoo mjukuu wangu, tia kidole hapa." Natia kidole, nyuma ya saruji kumerowa chepechepe. Akanambia, "Nyumba ya mawe na chokaa hii, maji yanapanda kutoka chini na chokaa inayaachia yatoke, sasa nyie mmeyafungia mlango, yende wapi?" Nkamwambia babu, nifundishe.

Tukaibandua saruji yote, kuta tukaziwacha wazi kipupwe chote zikauke, Mwaka Kogwa ule tukaukosa. Uani tukachimba shimo tukazima chokaa, yaani tukaitia maji, inachemka kwelikweli na ikikurukia inaunguza kwa hiyo watoto wafukuzeni mbali, tukaifunika na maji wiki tatu mpaka ikawa nzito kama mtindi. Ndoo moja ya chokaa kwa tatu za mchanga, na mchanga usiwe wa pwani, ule una chumvi yake. Ukuta unaurowesha kwanza, unapiga lipu nyembamba, unatundika magunia mabichi isikauke kwa haraka ikapasuka, siku kadhaa mbele ndo unapiga lipu mkono wa pili. Kazi ya subira hasa.

Nlitaka pia kuvunja ukuta wa kati nipate ukumbi mpana, babu akakataa katakata, akanionesha juu, boriti za mkandaa, mti wa jamii ya mikoko, urefu wake ndo unaishia pale na ule ukuta ndo umezibeba. Mbili zililiwa na mchwa, tukabadilisha hizo tu, tabu yake boriti zinauzwa kwa korja yaani 20, basi zilobaki nkampa babu.

Tulipozibua vidaka, kimoja bado kina moshi wa koroboi ya bibi, mweusi umepanda juu kama ulimi, ndo hapo akiweka msahafu wake na chetezo. Fundi kijana alishachovya brashi ya chokaa, nkamshika mkono. Vyengine vyote vimepakwa, kile hakijapakwa.

Masika ya mwaka huu nlikwenda kulala wiki nzima, mvua usiku kucha, alfajiri napapasa ukuta wa kitandani, mkavu.