Udaktari Peke Yake Hautoshi Mbele ya Maiti

Mtu anapofariki katika mazingira yenye utata, watu huuliza upesi kama daktari ameshauchunguza mwili, lakini ni nadra mtu kuuliza ni daktari wa fani gani. Kwangu mimi, swali hilo la pili ndilo zito.

Bingwa wa kawaida wa patholojia, fani ya kuchunguza magonjwa kupitia tishu za mwili, hushinda kwenye hadubini akitafuta saratani katika tishu za wagonjwa walio hai. Patholojia ya kisheria, yaani kutafuta chanzo cha vifo vyenye utata, ni elimu nyingine juu ya hiyo: Marekani, kwa mfano, aliyehitimu udaktari husomea patholojia kwa angalau miaka 3, kisha mwaka 1 wa vifo vya kutatanisha, ndipo afanye mtihani wa bodi. Mwaka huo mmoja si wa mapambo. Moyo ukisimama, damu hutuama upande wa chini wa mwili, na ngozi ya hapo hugeuka zambarau utadhani marehemu alipigwa. Aliyefunzwa hubonyeza kwa kidole, kwa kuwa katika saa za mwanzo rangi hiyo hufifia, na akibaki na shaka huchanja ngozi aone kama damu imevuja ndani ya tishu. Asiyefunzwa anaweza kuandika "michubuko", na neno hilo moja likampeleka mtu kizimbani.

Charles Smith wa Toronto, Kanada, alikuwa daktari wa patholojia ya watoto mwenye jina kubwa, ila hakuwa na mafunzo rasmi ya patholojia ya kisheria. Kesi zake 45 zilipopitiwa upya, wataalamu waliona kasoro katika 20, na mwaka 2008 tume ya Jaji Stephen Goudge ikayaweka wazi hayo. Katika mojawapo, majeraha ya mtoto wa miaka 7 aliyosema ni ya kuchomwa kwa kitu chenye ncha kali yalionekana baadaye kuwa ya meno ya mbwa. Mama mzazi alikuwa ameshashtakiwa kwa mauaji.

Mpaka huo, kati ya alichofunzwa mtu na asichofunzwa, unawahusu wengine pia. Daktari wa meno anayelinganisha meno ya marehemu na picha zake za eksirei amesimama penye uhakika. Akianza kutaja aliyeacha alama ya kung'ata kwenye ngozi, ameshatoka humo, hata awe na vyeti vingapi.

Tena cheti hakionyeshi uchovu. Chama cha wachunguzi wa vifo cha Marekani, NAME, kinapendekeza daktari mmoja asipasue zaidi ya maiti 250 kwa mwaka.