Kipimo cha Sadaka ni Uwezo wa Mtoaji

Wengi wetu tumezoea kuiona sadaka kama malipo anayopelekewa Mungu ili mtu apate mvua, mtoto au msamaha, na Warumi wa kale walilisema hilo waziwazi: nakupa ili nawe unipe. Hata hivyo, kila ninaposoma sheria zenyewe za kale, naona picha tofauti.

Katika Mambo ya Walawi, mlango wa 5, aliyekosa aliagizwa kuleta kondoo au mbuzi jike. Mali yake isipotosha, alileta hua wawili au makinda mawili ya njiwa. Na aliyeshindwa hata hao alileta sehemu ya kumi ya efa ya unga mwembamba, yaani lita 2 hivi, bila mafuta wala ubani. Kuhani aliteka konzi moja ya unga huo, akaiteketeza madhabahuni, na mtu yule akasamehewa sawasawa na mwenye kondoo. Ingekuwa ni bei, konzi ya unga ingewezaje kutosha? Injili ya Luka inaeleza kwamba hata wazazi wa Yesu walipompeleka Hekaluni, sadaka yao ilikuwa ile ya ndege wawili.

Qurani nayo, katika Sura ya Al-Hajj, aya ya 37, inafundisha kwamba nyama na damu ya wanyama havimfikii Mwenyezi Mungu, bali kinachomfikia ni ucha Mungu wa mtoaji. Ndiyo maana nyama ya Idi huliwa nyumbani na kugawiwa jamaa na maskini. Wahindu pia hugawana chakula kilichokwisha kutolewa mbele ya miungu. Kwa kweli, sadaka nyingi za kale ziliishia kuliwa na watu pamoja.

Hekalu la Yerusalemu lilipobomolewa mwaka 70, marabi walifundisha kwamba sala na matendo ya huruma yanashika nafasi ya wanyama, na Mtume Muhammad alifundisha kwamba hata kumtabasamia ndugu yako ni sadaka. Kwa sababu hiyo, kumpelekea mgonjwa chakula au kumsikiliza aliyefiwa hakuna upungufu wowote mbele ya fedha.

Ndiyo maana desturi ya kusoma majina ya watoaji na kiasi walichotoa hadharani hunihuzunisha sana, kwani mwenye unga wake hujikuta akiona haya kusimama, ilhali sheria ile ya kale ilikwisha kumwekea nafasi yake madhabahuni.