Kuivalisha Bunduki Ndogo Mbao za Keya

Likizo hii ya Dar nimeulizwa swali moja kuanzia Tandika hadi Kimara: hivi ni kweli unayo bunduki? Picha niliituma mwenyewe kwenye grupu la familia, bunduki imelala juu ya meza ya useremala, haina kitako, na ikajadiliwa kabla sijatua. Shangazi alinipokea kwa chai na chapati, akasubiri nile nishibe, ndipo akasema, "Mwanangu, wewe tulikupeleka kusoma." Namwelewa. Hapa mjini bunduki ni ya polisi, ya mlinzi wa benki au ya jambazi. Ohio, Marekani, ninakoishi, bunduki ya .22, yaani ile ya risasi ndogo, inauzwa duka moja na ndoano za kuvulia samaki, na wazazi huitumia kuwafundisha watoto shabaha. Kwa hiyo acheni nieleze kwa kirefu ninachokifanya, yaani kuichongea .22 mbao mpya ifanane na bunduki ya vita aliyoibeba babu yangu, maana kinanigusa sana.

Babu mzaa baba alikuwa Keya, ndivyo wazee walivyoiita King's African Rifles (KAR), jeshi la Waingereza la askari wa Afrika Mashariki enzi za ukoloni. Alikuwa batalioni ya 36, ya vijana wa Tanganyika, iliyokwenda Burma ndani ya Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki, ile yenye alama ya kichwa cha kifaru. Mwaka 1944, mvua za huko zikiwa zimepamba moto, divisheni hiyo iliteremka bonde la Kabaw ikiwafukuza Wajapani hadi Kalewa, kwenye mto Chindwin. Njia zilikuwa matope matupu, malaria imejaa bondeni, chakula kinadondoshwa na ndege. Babu hakuwa msimuliaji. Alituachia picha moja, bado iko sebuleni Tandika: amesimama wima, kaptula imenyooshwa pasi, bunduki ubavuni, kitako kimekaa chini karibu na kiatu chake cha kulia.

Bunduki yenyewe ni Lee-Enfield, ya jeshi la Waingereza. Utaitambua kwa mdomo wake. Mbao inaufuata mtutu karibu mpaka mwisho, halafu inafungwa na kofia butu ya chuma yenye masikio mawili yanayolinda kilengeo cha mbele. Ile fupi ilianza 1904, na toleo lililoenea zaidi, Mark III, likaja 1907. Urefu sentimita 113, uzito karibu kilo 4, magazini ya risasi 10.

Ningeweza kununua ya kweli, bado zinapatikana. Lakini risasi yake ya .303 ni ghali na inapiga bega. Ina gramu 11 na ushei na inatoka kwa mwendo wa mita 740 hivi kwa sekunde. Ya .22 ina gramu 2.6 tu. Ganda lake halina kile kitufe cha kuwashia katikati ya sehemu yake ya nyuma. Dawa ya kuwashia imetandazwa ndani ya ukingo, na pini ya bunduki hugonga ukingoni. Ili ukingo huo ubondeke, ganda lazima liwe jembamba, ndiyo maana presha yake ni ndogo, kelele ndogo, na bei nayo ndogo. Aina ninayoitumia, Long Rifle, ipo tangu 1887. Binti yangu anayejifunza shabaha klabuni anaweza kuipiga asubuhi nzima bila kuchoka.

Na asidhani mtu kwamba kuipa .22 umbo la bunduki ya vita ni mchezo wa sisi wa leo. Waingereza wenyewe walizigeuza Lee-Enfield ziwe .22 za kufundishia. Kuruta alishika mbao zile zile, akavuta bolti ile ile, yaani komeo linaloingiza risasi chumbani, ila risasi ilikuwa ndogo na angeweza kulenga shabaha ukumbini bila kumaliza risasi za vita.

Bunduki niliyoanza nayo ni Savage Mark II, ya bolti, nimeinunua mkononi ikiwa na kitako cha plastiki cheusi. Ina magazini ya risasi 10, idadi ile ile ya Lee-Enfield, na hilo lilinipendeza. Mtutu wake ni inchi 21, wa Lee-Enfield ni inchi 25 na kidogo. Ukigawanya unapata sehemu tano kati ya sita, kwa hiyo kila kipimo cha mbao nimekipunguza kwa kiasi hicho hicho: kofia ya mdomo, pete za kubana, mgongo wa mbao unaofunika mtutu kwa juu. Watu wengi hukosea hapa. Wanachukua vifaa vya Lee-Enfield halisi wanavipachika kwenye bunduki nyembamba, inatoka kitu chenye kichwa kikubwa na mwili mdogo. Macho hayapimi sentimita, yanapima uwiano.

Sasa Keko. Mtu yeyote wa Dar akitaka kitanda au kabati la maana anajua pa kwenda, nami nilikwenda na picha kwenye simu na swali kuhusu mbao. Nilimkuta fundi mzee kidogo, anapiga randa ubao wa mninga, vumbi jekundu hadi kwenye nyusi. Nikamwamkia, akaitikia, akaiangalia picha muda mrefu kuliko nilivyotarajia. Hakuniuliza bunduki ya nini. Akaweka kidole pale penye shingo ya kitako, pembamba, nyuma ya kifyatulio, akasema, "Hapa mdogo wangu ndipo itakapokufia."

Akaokota vipande viwili vya masalia, unene sawa. Cha kwanza nyuzi zake zilikatisha kwa upana. Akakishika kwa vidole vya mikono miwili na kukikunja, kikakatika bila hata kulia. Cha pili nyuzi zilikwenda kwa urefu. Alikikunja mpaka mishipa ya mikono ikamtoka, kikapinda, alipokiachia kikarudi. Akaniambia nichore umbo la kitako kwenye karatasi ngumu, nilikate, kisha nilizungushe juu ya ubao mpaka nyuzi zipite shingoni moja kwa moja, hata kama nitapoteza nusu ya ubao. "Usiionee huruma mbao. Ionee huruma kazi."

Waundaji wa Lee-Enfield walilikwepa tatizo hilo kwa namna yao. Kitako chake ni kipande cha peke yake, kimefungwa na bolti ndefu inayopita ndani kutoka nyuma, wala hakijaungana na mbao ya mbele. Kwa hiyo hawakuhitaji ubao mmoja mrefu usio na kasoro, na vitako viliweza kutolewa kwa urefu tofauti: mfupi, wa kawaida, mrefu, kulingana na mikono ya askari. Nilipomweleza fundi hilo alitikisa kichwa kwa kuridhika, kama mtu anayesikia habari za fundi mwenzake. Tulikaa hapo mpaka jua likahama, tukiongea kuhusu nyuzi tu. Nimeishi nje miaka mingi na sijapata mwalimu wa useremala wa namna hiyo.

Nilitamani sana kitako kiwe cha mninga. Lakini mninga sasa uko kwenye orodha ya CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya mimea na wanyama walio hatarini, haubebwi kwenye begi bila vibali, na mpingo vivyo hivyo. Na hata vibali vingekuwepo, kitako cha bunduki si kitu cha kupita nacho uwanja wa ndege. Nitatumia wolnati, ambayo ndiyo mbao ya Lee-Enfield nyingi za asili. Nilichokibeba kutoka Keko ni maarifa, hayakaguliwi.

Kuhusu kuiweka mbao kwenye chuma, jambo moja tu nalisisitiza: mbao isiuguse mtutu ovyo. Mbao hunywa unyevu, huvimba, husukuma, na shabaha inahama kutoka msimu mmoja hadi mwingine. Lee-Enfield ilikuwa na kijiti chenye springi karibu na mdomo kikiusukuma mtutu juu kwa nguvu ile ile kila siku. Mimi nimechagua njia rahisi, nitaacha mwanya. Karatasi itapita kati ya mtutu na mbao kuanzia mbele hadi karibu na chumba cha risasi, na kofia ya mdomo nimeichonga kwa tupa kutoka kwenye alumini, itakaa kwenye mbao tu. Umaliziaji ni msasa, unalowesha mbao nyuzi zisimame, unapiga msasa tena laini zaidi, halafu mafuta ya kitani, matone machache, unasugua kwa kiganja mpaka kiganja kipate joto. Matambara yaliyotumika yatandaze nje yakauke au yaloweke kwenye maji. Ukiyafinyanga ukayatupa pembeni yanaweza kushika moto yenyewe, hilo si hadithi.

Bolti, kifyatulio na mtutu sivigusi. Sheria ya shirikisho Marekani inataka mtutu wa raifo usipungue inchi 16, na anayeanza kukata chuma anaingia kwenye mambo mengine kabisa. Ndugu zangu mlio huko, kabla ya yote angalieni karatasi zenu: mwenye green card (kibali cha ukazi wa kudumu) anaruhusiwa kununua kwa sheria ya shirikisho, mwenye viza ya masomo au ya matembezi kwa kawaida haruhusiwi isipokuwa kwa misamaha michache, na kila jimbo lina yake ya kuongeza. Na bunduki inayofanana na ya vita, hata iwe ya risasi ndogo namna gani, inatoka nyumbani ikiwa ndani ya mkoba uliofungwa, inafunguliwa kwenye uwanja wa shabaha, inarudi ndani ya mkoba. Mtu mweusi asimame barabarani na kitu chenye umbo hilo, hakuna atakayeuliza ni .22 au ni nini. Hapa nyumbani kuna Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya 2015. Bunduki yangu haijavuka bahari na haitavuka, shangazi alale salama.

Siku moja niliteremka mjini kwenye Sanamu ya Askari, barabara ya Samora. Kabla yake Wajerumani walisimamisha mahali hapo sanamu ya gavana wao Wissmann. Waingereza walipouteka mji 1916 wakaiondoa, na 1927 akasimama huyu askari, kazi ya mchongaji James Alexander Stevenson, singe imeelekea bandarini. Maandishi yake yanawakumbuka pia wapagazi waliokuwa miguu na mikono ya jeshi, wale ambao jina la kikosi chao ndilo lililotuachia Kariakoo. Nimepita hapo utotoni mara zisizohesabika nikiwahi daladala. Safari hii niliangalia mikono. Mkono wa mbele umeshika mbao. Bunduki ikipigwa mfululizo chuma kinaunguza, na anayeshambulia kwa singe anahitaji mahali pa kushika bila kuachia. Ule mgongo wa mbao niliokuwa nauona kama pambo ni ngozi ya kiganja cha mtu.

Pale ndipo nilipoamua kuhusu kisahani. Lee-Enfield za mwanzo zilikuwa na kisahani cha shaba ya njano upande wa kulia wa kitako, kimepigwa alama za kikosi na namba. Kuanzia vita vya Mjerumani kilianza kuachwa ili kuokoa muda kiwandani, kwa hiyo huenda ya babu haikuwa nacho. Mimi nakiweka kwa makusudi. Fundi wa Gerezani alinikatia kiduara akakipiga herufi kwa nyundo, moja moja: 36 KAR, na chini yake namba ya babu kutoka kwenye cheti chake cha kuachishwa jeshi. Herufi R imekaa juu kidogo kuliko wenzake. Akataka kukirudia, nikamwambia akiache, hata vya jeshi vilipigwa kwa mkono.

Kilichobaki ni mkanda wa begani. Kwenye picha ya Tandika umefichwa na mkono wa babu, unaonekana upande mmoja tu, hapo chini kwenye kitako. Kama nyumbani kwenu kuna picha ya babu aliyekuwa Keya, ameshika bunduki na mkanda unaonekana vizuri, hasa unavyofungwa kule mbele kwenye pete, tafadhali ipige picha unitumie. Na nyuma yake andikeni jina la mzee na mahali ilipopigwa, kabla wanaojua hawajaondoka.