Ada ya English medium nalipa kwa mchele, sio kausha damu

Nauza mchele Mwanjelwa hapa Mbeya, mume wangu anaendesha bajaji ya tajiri, na mtoto wetu yuko inglishi midiam. Watu wakisikia wanaguna. Hakuna freemason hapa jamani, tulieni.

Ushauri niliopewa sasa, Mungu anisamehe. Wifi yangu kasema mpeleke Kayumba, shule ya serikali, toka 2016 elimu bure unahangaika nini. Sawa wifi, ila mtoto alianzia hukohuko na walikuwa wanabanana wanne dawati moja, ticha hata jina lake halijui. Mwingine ananiambia kopa kausha damu, ile mikopo ya riba kubwa, lipa ada ya mwaka mzima upumzike, upumzike wapi na rejesho kila wiki? Wale wanabebaga mpaka mtungi wa gesi, jirani yangu hapo kabakia na jiko la mkaa. Aliyenikera kabisa ni yule wa "uza mpunga wote msimu wa mavuno hela weka benki". Benki yenyewe siku hizi iko kwenye simu, ukitokea msiba na kitchen party mbili ada imeshayeyuka.

Mi nalala na mpunga wangu. Mwezi wa sita kule Mbarali bei iko chini, nanunua naweka stoo bila kukoboa, maana mpunga unatulia ila mchele ukikaa unaingia wadudu. Ikifika Januari bei imepanda. Tatizo Januari hiyohiyo wateja wamechacha wananunua nusu kilo nusu kilo, na shule wanataka awamu ya kwanza. Ndo nikajiuliza, ile shule watoto wote wanakula wali pale, anawauzia nani?

Nikapakia gunia kwenye bajaji mpaka getini asubuhi kweupe. Mlinzi ananambia mama hapa sio sokoni. Mhasibu katoka na tai yake, "mama sisi tunapokea slipu ya benki, hatupokei mazao". Wazazi wanashusha watoto kwenye magari wanalizunguka gunia langu, na mwanangu, darasa la pili huyo, kapita na begi lake kama hanijui kabisaaa! Nilicheka njia nzima narudi na gunia.

Jioni huyohuyo asiyenijua ananisimulia wali wa shule una mawe, wanatafuna polepole. Eeh! Nikasubiri kikao cha wazazi, nikapika mchele wangu wa supa, mafuta kidogo na chumvi basi, nikaweka kwenye hotpoti, sikwenda ofisini wala nini, nikapitia nyuma jikoni nikamwambia mpishi mkuu dada onja, na madam umpelekee kidogo. Kikao hakijaisha naitwa kwa madam mwalimu mkuu, kijiko bado anacho mkononi, anauliza huu mchele unatoka wapi.

Tukakubaliana napeleka kila mwezi, bei ya jumla ya sokoni siku ninayopeleka, na wanakata kwenye ada, ambayo ni milioni na kitu kwa mwaka. Kwahiyo mpunga niliouchukua bei ya Juni unalipa ada kwa bei ya Januari, piga hesabu mwenyewe. Mhasibu alitaka kuniandikia kwenye kikaratasi cha daftari nikagoma, mzigo ukishuka nataka risiti ya shule yenye muhuri, imeandikwa ada na jina la mtoto. Hapo usione aibu.

Vikorokoro vingine natoa mfukoni. Rimu za karatasi kila muhula utadhani wanachapa magazeti, tishu, mafagio. Sweta nilichukua la mtumba rangi ileile fundi akabandika nembo, mpaka leo hakuna aliyeshtuka.

Juzi mhasibu kanipigia mwenyewe, "mama habari za asubuhi", sauti laini, eti maharage ya njano nayo naweza kupata? Yapo. Ila nimemwambia kwanza tuongelee hela ya basi.