Penseli na mpira wa tyubu

Jumatatu usiku binti wa dada yangu alinitumia ujumbe wa sauti kutoka studio, Kampala. "Mama mdogo, habari ya Jinja? Hebu nisikilizie. Kwenye ubeti sauti inazama haisikiki, nikipanda juu kiitikio kinanipasua koo. Prodyuza anasema biti ndiyo hiyo, nizoee." Akanichezea kipande cha sekunde 20 hivi. Nilikuwa nakanda unga wa chapati. Nikaacha, nikaimba doh taratibu mpaka ikakaa, nikaitafuta kwenye kinanda kwa kidole chenye unga. G.

Kii ileile (kii ni noti inayobeba doh ya wimbo) iliyonitesa zamani kwenye bendi. Nikaikumbuka penseli.

Ile bendi yetu mnaijua, sitaitaja, wazee wengine bado wapo. Ilikuwa 1997, Jumamosi, baa moja upande wa Walukuba, hapa Jinja. Tulikuwa saba: gita la solo, gita la ridhimu la kusindikiza, besi, ngoma, kinanda, saksafoni, na mimi. Nyimbo zote za kiongozi wetu zilikuwa kwenye G, A au D, kwa sababu ndipo mpiga gita anapopata nyuzi zinazolia wazi bila kushikwa, na kwa sababu ndipo sauti yake yeye ilipotulia. Alipoanza kuchoka usiku, mimi ndiye niliyepewa nyimbo zake. Zilikuja kama zilivyo.

Nieleze kwa tonikisolfa, ile ya doh, re, mi, maana wengi wetu tuliujulia muziki kwenye kwaya za shule, mwalimu anaandika ubaoni "doh ni G" na kazi inaanza. Wimbo uliokuwa unanisumbua ulianzia soh ya chini ukaishia doh ya juu. Doh ikiwa G, soh ya chini ni D. Mwanamume mwenye sauti ya kati anaishuka D hiyo bila taabu, na doh ya juu anaifikia akiwa amekunja uso kidogo tu. Mimi sauti yangu ilikuwa na nguvu kuanzia F iliyo chini ya C ya katikati ya kinanda, na juu ningeweza kuimba B flati usiku kucha bila kuumia, C kwa kujikaza. Nikiimba pale alipoimba yeye, D ya chini ilikuwa pumzi tupu, hata mpiga ngoma hakuisikia. Nikipanda oktavu nzima, kiitikio kilinipeleka G ya juu kabisa, ambako unapiga kelele wala huimbi, tena mara sita katika wimbo mmoja.

Dawa yake ni kupanda nusu toni 3, yaani vitufe vitatu vya kinanda, vyeupe na vyeusi vikihesabiwa pamoja. Ondoa doh kwenye G, ipeleke B flati, soh ya chini inakuwa F na doh ya juu B flati. Wimbo wote unaingia ndani ya sauti ya mwanamke kama mkono kwenye glavu iliyoshonwa kwa kipimo chake.

Nililiomba jambo hilo mazoezini Alhamisi. Mpiga ridhimu akasema B flati si kii ya gita. Kiongozi akasema wimbo ukihamishwa unapoteza ladha. Nililala nalo hilo neno ladha. Tulikuwa na nyimbo mbili za Mbilia Bel, yule mwimbaji wa Kongo, kila Jumamosi, watu wa Jinja hawakukubali kwenda nyumbani bila hizo, na vijana wetu walizichimba kwenye kaseti kipande kwa kipande mpaka wakazipata katika kii yake yeye mwenyewe, aliyoiimbia na Tabu Ley katika bendi ya Afrisa miaka ya 80. Hakuna aliyenung'unika. Kaseti imesema. Kumbe vidole vilikuwa vinajua kuhama, ila havikuwa vimezoea kuhamishwa na mtu anayesimama karibu nao.

Aliyefungua mlango alikuwa mpuliza saksafoni. Jumamosi jioni tukiunganisha vyombo kabla ya onyesho alinisikia nikimwomba tena mpiga ridhimu, akaweka mdomo wa saksafoni chini. "Mmeshawahi kuniuliza mimi?" Saksafoni yake, alto, imetengenezwa katika E flati, yaani akipiga C yake inatoka E flati, kwa hiyo bendi ikiwa kwenye G, yeye anapiga katika E yake yenye diezi nne (noti zilizopandishwa nusu toni), vidole vinapanda na kushuka funguo za pembeni usiku mzima. Bendi ikienda B flati, yeye yuko katika G yake, diezi moja. "Dada akiimba B flati," alisema, "mimi ndiyo napumua."

Mzee wa besi akacheka, akasema kwake yeye ni kutoka freti (kile chuma kinachokatiza shingo) ya 3 kwenda ya 6 kwenye uzi mnene, mikao ya vidole haibadiliki. Mpiga solo wa rumba anaishi juu shingoni, akisogea freti tatu hakuna anayejua. Kinanda kilikuwa na kitufe cha kuhamisha, bonyeza mpaka kiandike 3. Akabaki mpiga ridhimu, ambaye kwa haki yake ndiye aliyekuwa na shida ya kweli: mikono yake yote ilitegemea nyuzi wazi. Alihitaji kapo, kile kibano cha kufunga shingo ya gita. Kapo Jinja hatukuwa nayo, na kwa usiku ule hata Kampala ilikuwa mbali.

Sijui nani alisema penseli kwanza. Nje ya baa kulikuwa na fundi wa baiskeli akifungasha. Nikamwomba kipande cha tyubu kuukuu, akanikatia mkanda wa upana wa kidole, urefu wa shubiri mbili. Penseli ilikuwa yangu, ile niliyoandikia maneno ya nyimbo. Mpiga ridhimu aliilaza kukatiza nyuzi nyuma tu ya freti ya 3, si juu ya chuma chenyewe, maana ikikaa juu ya chuma nyuzi zinaziba, na ikirudi nyuma sana zinavutika na gita lote linapanda. Akaifunga upande mmoja kwa mkanda, akapitisha nyuma ya shingo, akavuta, akazungusha tena, akabana. Akapiga. Nyuzi nne za kati zikalia safi, ule mwembamba kabisa na ule mnene kabisa zikakoroma kama nyuki ndani ya kopo. Shingo ya gita imepinda mgongo kidogo, penseli imenyooka, kwa hiyo inakandamiza katikati na kuziacha za pembeni.

Akafungua. Akakata karatasi ya pakiti ya sigara, akaikunja, akaiweka chini ya penseli pande mbili za mwisho tu. Akafunga upya, safari hii mimi nikishika penseli kwa vidole gumba viwili wakati yeye anavuta tyubu, tumeinamiana juu ya shingo ya gita kama watu wanaofunga jeraha. Mpira ulinuka barabara na gundi. Nyuzi sita zikalia. Zilikuwa zimepanda kidogo kwa sababu ya kule kuvutwa, akaziteremsha moja moja kwa kulinganisha na kinanda, akaanza na zile za pembeni. Halafu akapiga mkao wake wa G, mkao uleule aliojifunza utotoni, na kilichotoka kikawa B flati.

Alinitazama. "Basi ni hivi tu?"

Tuliuimba kama wimbo wa nne. Naweza kueleza kilichotokea kwenye koo kuliko nilichohisi moyoni: kwenye soh ya chini nilikuwa na sakafu. Nilitamka maneno ya ubeti, sikuyapumua. Fundi wa mitambo, ambaye kila wiki aliniongezea sauti mpaka spika zikapiga mluzi, aliteremsha kitufe changu. Wengi hawalijui hili: mwimbaji akiimbishwa chini ya sauti yake, fundi hulazimika kufungua maiki sana, maiki iliyofunguliwa sana huokota ngoma na spika, ndipo mluzi unapoanza, halafu wanasema mwanamke hajui kushika maiki. (Na kweli usiifumbate kichwani kwa kiganja. Ile ya kawaida ya kuimbia haisikii vizuri mgongoni, ndiyo maana monita, spika ya mwimbaji kujisikia, huwekwa mbele yake, ikitazama mgongo wa maiki. Ukiifumba unaziba matundu yake ya nyuma, inaanza kusikia kila upande.) Kwenye kiitikio watu wa meza za nyuma waliimba nami. Kii yangu iliwafaa na wanawake waliokuwa wamekaa, wakapata mahali pa kuingilia.

Halafu ukaja wimbo wa tano.

Kinanda ndicho kilichoanza, katika A. Mpiga kinanda hakurudisha kitufe kwenye sifuri. Alipiga A, ikatoka C. Solo na besi wakaingia A yao halisi. Mpiga ridhimu naye alikuwa bado anahangaika na fundo la tyubu, akaamua kuingia penseli ikiwemo. Kwa mistari minne tulikuwa bendi mbili zinazogombana jukwaani. Watu walipiga miluzi, mtu mmoja akarusha kifuniko cha chupa. Kiongozi alisimamisha wimbo, akahesabu upya.

Mapumzikoni hakumgeukia mpiga kinanda. Alinigeukia mimi. "Umeona sasa? Hizi ndizo shida za kumhamishia mwanamke kii." Nilikuwa na jibu, tena la mantiki: kitufe si changu, na dawa yake ni kuandika namba kwenye orodha ya nyimbo, +3 hapa, 0 pale, na kuzipanga nyimbo za kii moja zifuatane ili penseli ifungwe mara moja tu. Sikulisema. Mzee wa besi ndiye aliyelisema, Alhamisi iliyofuata, likakubaliwa.

Orodha mpya ilibandikwa nyuma ya spika. Mbele ya wimbo ule pakaandikwa: "B flati, ya dada." Nyimbo nyingine za kiongozi nilizoimba zilibaki zilipokuwa, G, A na D, mpaka nilipoondoka. Nilikuwa nimepata kii moja, tena kwa jina langu, na kila kitu kilipoharibika karibu na wimbo ule niliulizwa mimi. Nimejaribu kuamua kama usiku ule nilishinda. Siwezi.

Huwa nafikiri mambo yangekuwa mepesi zaidi katika bendi ambayo kiongozi ni mpulizaji. Afrigo, bendi kongwe ya Uganda, tangu 1975 imekuwa na Moses Matovu na saksafoni yake, na humo walisimama Joanita Kawalya na Rachel Magoola, wanawake ambao sauti zao ndizo watu walizofuata. Magoola baadaye akaenda Bungeni kwa tiketi ya Bugweri, huku kwetu Busoga. Na 2004 lilipoundwa kundi la wasichana la Blu*3, Cindy Sanyu, Lilian Mbabazi na Jackie Chandiru, kundi lenyewe lilijengwa juu ya sauti zao tatu tangu mwanzo. Hilo ndilo ninalomtakia kila msichana: apimwe kwanza, wimbo ukatwe baadaye.

Nilimjibu binti kwa ujumbe mrefu. Nilimwambia abaki na simu peke yake, apashe sauti moto dakika 20, aimbe kiitikio chake bila ala yoyote mara tatu mfululizo. Doh itakayojitafuta yenyewe mara ya tatu, sauti ikiwa imechoka kidogo, ndiyo ya kumpelekea prodyuza, si ile ya mara ya kwanza. Noti ya juu kabisa iwe chini ya mwisho wa uwezo wake kwa toni moja, maana wimbo akiimba studio mara moja, ataimba jukwaani mara mia.

Kuhusu biti, "ndiyo hiyo" si jibu. Kinanda na besi vilivyoandikwa kwa noti za MIDI (maagizo ya noti kwenye kompyuta, si sauti iliyorekodiwa) vinahama kwa kubofya mara moja bila kupoteza chochote. Ila ngoma ziachwe nje ya hamisho, maana kwenye MIDI kila noti ya ngoma ni chombo chake: ukiongeza 3, ngoma ya mguu inageuka kupiga makofi. Kipande cha gita kilichorekodiwa kama sauti ndicho chenye tabu. Kikivutwa zaidi ya nusu toni 2 au 3 kinaanza kulia kibati, hivyo kipigwe upya, ni kazi ya nusu saa. Asikubali aambiwe kwamba programu ya kunyoosha sauti itamaliza shida. Inasogeza noti iliyokosea, lakini haiwezi kuipa nguvu noti iliyoimbwa kwa pumzi tupu.

Nikamwambia pia asinong'one kulipumzisha koo, kunong'ona kwa nguvu kunalichosha, anyamaze tu na anywe maji. Ukikauka sauti ukapita wiki tatu, daktari wa koo, si tangawizi. Na kwa kuwa maneno na tuni ni vyake, aviandike na kuvisaini kabla hajaingia kwenye kibanda cha kurekodia. Sheria ya hakimiliki ya Uganda ya 2006 inamtambua mtunzi na mwimbaji pia, lakini ubishi unaanza pale ambapo hakuna karatasi.

Mwisho nikamwimbia kiitikio chake mwenyewe, doh ikiwa B flati, mikono ikiwa bado na unga, ili asikie jinsi kinavyokaa. Ujumbe umefika, alama mbili. Studio huwaambia wanyamazishe simu. Chapati nimezipika, tumekula, na bado hajajibu.