Nilivyochagua seva ya kutuma baruapepe kwa wingi

Kazi niliyokabidhiwa ilikuwa kutuma jarida la kila wiki kwa orodha ndefu ya waliojiandikisha, pamoja na risiti na ujumbe wa kubadilisha nywila, vyote kutoka kwenye seva zetu wenyewe. Ilibidi niamue: tulipie leseni, au tutumie programu huria?

Wengi huanza kwa kuuliza ipi ina kasi. Hilo sikulipa uzito, kwa sababu seva ya kawaida tu hutuma haraka kuliko Gmail au Yahoo wanavyokubali kupokea. Mimi nilitaka kujua seva inafanya nini barua zake zinapokataliwa na seva inayopokea.

Tayari tulikuwa na Postfix, programu huria ya kutuma barua aliyoiandika Wietse Venema akiwa IBM na ikatolewa mwaka 1998. Ninaiheshimu sana: imetulia, haipotezi barua, na mipangilio yake inasomeka. Siku za jarida niliendesha amri ya qshape kwenye foleni ya barua zilizoahirishwa. Inatoa jedwali: kila mstari ni kikoa (sehemu ya anwani inayofuata @), kila safu ni umri wa barua kwa dakika, 5, 10, 20, 40 na kuendelea. Juu kabisa ilikaa gmail.com, kama nilivyotarajia. Chini yake ulifuata msururu wa vikoa vya makampuni, kila kimoja na barua chache, na kwenye logi, yaani kumbukumbu za seva, vyote vilijibiwa 421 4.7.28: kasi imezidi, jaribu baadaye.

Vikoa hivyo vyote baruapepe zake zinapokelewa na Google. Postfix huhesabu kila kikoa peke yake, na kikomo chake cha kawaida ni miunganisho 20 ya wakati mmoja kwa kila kimoja. Google wao wanamwona mtumaji mmoja anayebisha hodi milango yote kwa wakati mmoja. Unaweza kuvikusanya kwa mkono kupitia transport_maps, orodha ya Postfix inayosema barua za kikoa gani zipite njia gani, nami nilifanya hivyo, ila kila wateja wapya wakijiandikisha wanakuja na vikoa vipya.

Programu ya kulipia tuliyoijaribu ililimaliza tatizo hilo yenyewe. Ilipanga foleni kwa kuangalia seva inayopokea, ikapunguza kasi ilipokataliwa, na kuandika hatima ya kila barua kwenye faili la CSV. Na ukikwama, kuna mtu wa kumpigia simu. Kilichonirudisha nyuma ni leseni: barua zikiongezeka gharama nayo inapanda, na hata seva ya akiba inahitaji leseni yake.

Ndipo nikaijaribu KumoMTA, seva huria ya kutuma barua iliyotoka mwaka 2023 kwa leseni ya Apache 2.0. Wez Furlong, mmoja wa walioiandika, alishawahi kutengeneza seva ya kibiashara ya aina hii, na ukiitumia unauona kabisa uzoefu huo. Nayo inavikusanya vikoa kwa seva inayopokea, na mipangilio yake huandikwa kwa Lua, lugha ya kuandikia programu. Maana yake ni kwamba mipangilio ni msimbo, na lazima awepo mtu wa kuuandika, kuupima na kuamka usiku ukigoma. Kama kwenu hayupo, lipieni leseni. Nasema hivyo kwa dhati, maana mshahara wake nao ni gharama.

Sisi tulikuwa naye. Jarida likahamia KumoMTA, risiti na nywila zikabaki Postfix kwenye anwani nyingine ya IP, ili malalamiko kuhusu jarida yasiziharibie sifa mbele ya wapokeaji.

Sifa ya mtumaji, hata hivyo, hainunuliwi pamoja na programu yoyote. Tangu Februari 2024, Gmail wanamtaka anayewatumia barua 5,000 au zaidi kwa siku awe na SPF, DKIM na DMARC (njia za kuthibitisha kwamba barua imetoka kweli kwa mwenye kikoa), aweke kitufe cha kujiondoa kwa mbofyo mmoja kwenye barua za matangazo, na malalamiko ya barua taka yasifike asilimia 0.3. Kwa hiyo IP mpya tuliianzisha na wasomaji wanaofungua jarida mara kwa mara, tukaongeza wengine pole pole, na waliokaa muda mrefu bila kufungua chochote tukawaondoa. Foleni ya jarida sasa inachukua muda zaidi kuisha, lakini inaisha, na risiti hazisubiri nyuma yake.